Kutunza Viganja na Nyayo Unapotumia Vidonge vya Saratani ya Ini

Karibu, ndugu mtazamaji. Mbele yangu nina beseni la maji ya uvuguvugu, taulo laini, krimu na jozi ya soksi za pamba. Kama wewe au mtu wako wa karibu ameandikiwa sorafenibu, regorafenibu au lenvatinibu kwa ajili ya saratani ya ini, tazama video hii kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Na kama umeshaanza dawa, usiende, hujachelewa.

Dawa hizi huunyima uvimbe mishipa mipya ya damu. Lakini ngozi nayo hutegemea mishipa midogo kujitengeneza kila inapobanwa au kusuguliwa, na madaktari wanaamini hapo ndipo inapoanzia shida ya ngozi ya viganja na nyayo kuuma na kutoka malengelenge. Ndiyo maana huuma kwanza kwenye visigino, chini ya kidole gumba cha mguu na kwenye ncha za vidole vya mikono. Mara nyingi huanza ndani ya wiki 6 za mwanzo.

Hatua ya kwanza: kagua sugu. Loweka miguu dakika 10, ikaushe kwa kuigusagusa na taulo, usisugue. Sasa pitisha kidole hivi, kuanzia kisigino hadi vidoleni. Umepasikia pale pagumu? Hiyo ni sugu, na chini ya sugu ndipo malengelenge hupenda kutokea. Mwombe mhudumu wa afya aipunguze kabla hujaanza dawa. Usiikate kwa wembe, hasa kama una kisukari.

Hatua ya pili ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote: krimu yenye urea asilimia 10. Soma kibandiko uhakikishe, na chagua isiyo na manukato. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya ini wanaotumia sorafenibu ulionyesha kwamba walioanza krimu hii tangu siku ya kwanza walipata vidonda vya mikono na miguu kwa uchache zaidi. Chukua kiasi cha punje ya haragwe, weka katikati ya kiganja, sambaza taratibu mpaka katikati ya vidole. Fanya hivyo viganjani na nyayoni, asubuhi na usiku, na tena kila ukishanawa. Ngozi ikiwa imepasuka, urea itachonyota. Hapo tumia mafuta ya mgando mpaka pafunge. Ile ya asilimia 40 ni ya sehemu zilizokakamaa tu, isiguse ngozi nzima.

Hatua ya tatu: punguza joto na msuguano. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu. Viatu viwe vipana, vyenye soli laini, na usitembee peku hata ndani ya nyumba. Kufua kwa mikono, kukamua nguo, kushika mpini wa jembe au ufagio kwa muda mrefu, mwachie mwingine kwa miezi 2 ya mwanzo. Najua si rahisi kukaa ukitazama wengine wakikufanyia kazi. Kubali, ni sehemu ya tiba.

Hatua ya nne: jifunze kuisoma ngozi yako. Ganzi, wekundu au kuchonyota bila maumivu, endelea na krimu na umjulishe daktari katika miadi inayofuata. Ukianza kuumia unapotembea au unapofunga vifungo vya shati, piga simu siku hiyo hiyo. Malengelenge yakitokea, usiyatumbue. Daktari anaweza kukupa krimu ya steroidi, kupunguza dozi, kwa mfano sorafenibu kutoka miligramu 800 kwa siku hadi 400, au kukusimamishia dawa kwa muda. Wagonjwa wengi huficha maumivu wakiogopa kunyang'anywa dawa. Tafadhali usifiche. Kupunguziwa dozi mapema ndiko kunakomwezesha mtu kuendelea na tiba. Wala usiache vidonge kimyakimya.

Kuhusu maumivu, usinunue ibuprofeni wala diklofenaki. Ini likiwa limeharibika, dawa hizo zinaweza kuleta kutokwa damu tumboni na kuumiza figo. Hata parasetamoli, muulize daktari kiasi chako.

Upele usoni au kifuani? Sabuni isiyo kali, krimu ya kulainisha ngozi, na kujikinga na jua. Wanaopata dripu za kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, kama atezolizumabu, wajue upele unaweza kujitokeza hata baada ya miezi kadhaa, nao daktari auone. Mwili ukiwasha huku macho yakigeuka njano, huenda chanzo ni nyongo na si dawa, kwa hiyo krimu haitatosha.

Homa pamoja na vidonda mdomoni, macho mekundu yanayouma, au ngozi inayobanduka: usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali sasa hivi.

Sasa tumalizie zoezi la usiku. Krimu imeshapakwa, ninavaa soksi za pamba juu yake, hivi, bila kubana. Kabla hujazima taa, piga picha ya viganja na nyayo kwa simu, na uendelee kila wiki. Tarehe itabaki kwenye picha. Ukifika kliniki, mwonyeshe daktari zote kwa mpangilio, kuanzia ile ya siku ya kwanza.