Saa ya Nne: Hedifoni ya Kuvaa Kutwa

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu mliotangulia kukaa. Wanafunzi mliokuja kwa daladala kutoka Ng'ong'ona na jua hili la Oktoba, asanteni sana.

Kabla ya yote nina ombi. Kila mwenye hedifoni ya kuvaa kichwani aivae sasa hivi. Usiiwashe, ivae tu. Maikrofoni ninayo, mtanisikia. Naona wanane. Mnatosha. Msizivue mpaka nitakapowaambia.

Leo natengeneza hedifoni, lakini kwa miaka tisa riziki yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Dodoma ni mji wa vikao. Bunge lipo hapa, wizara zipo Mtumba, kila wiki kuna warsha na semina, na kila kikao kinarekodiwa. Lazima awepo mtu wa kukaa na rekodi hiyo aigeuze maandishi. Unasikiliza maneno kumi, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma kwa sababu mjumbe alikohoa katikati ya jina la kijiji. Rekodi ya saa moja inamaliza nusu siku, na muda wote huo hedifoni iko kichwani.

Hedifoni tulizopewa zilikuwa nzuri machoni. Ukiivaa dakika tano unaona umepata. Saa ya kwanza huna neno. Saa ya pili masikio yanafukuta. Saa ya tatu unaanza kuisogeza, mara mbele, mara nyuma, na wala hujui kwamba unaisogeza. Ikifika saa ya nne utosi unawaka kama umewekewa kaa, na unakosea hata majina uliyoyazoea. Sisemi saa nne ya asubuhi, jamani. Nasema saa ya nne tangu uivae. Hedifoni hujaribiwa dukani kwa dakika tano, kisha huvaliwa kwa saa nne. Humo ndimo shida yote ilimo. Mliopanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam mmeyaona. Safari ni ya saa tatu na nusu hivi, lakini treni ikiipita Kilosa, hedifoni nyingi zimeshashushwa shingoni.

Mimi nilimeza sana dawa za maumivu. Nilidhani ni macho, nilidhani ni kiu, nilidhani ni mawazo. Baadaye ndipo nikajua kwamba maumivu yale yana jina lake. Katika orodha ya kimataifa ya aina za maumivu ya kichwa, toleo la mwaka 2018, yamo maumivu yanayoletwa na kubanwa kichwa kwa nje. Huanza ndani ya saa moja tangu ubanwe na hutulia ndani ya saa moja ukishaachiwa. Nilipokumbuka vizuri niliona kweli yalikuwa yakianza mapema, ila niliyavumilia mpaka saa ya nne yaliponishinda. Jirani yake kwenye orodha hiyo ni maumivu ya nywele zilizovutwa. Akina dada mliotoka kusukwa jana hamhitaji maelezo.

Sasa twende Mvumi, kwa bibi yangu. Bibi alikuwa akichota maji kisimani, ndoo ya lita 20, maana yake kilo 20 na ndoo yenyewe. Kabla ya kujitwisha alisokota kitenge, akakizungusha, akakiweka utosini. Ngata. Wengine mnaiita kata. Mimi nilipokuwa mdogo niliwahi kujitwisha kandoo kadogo bila ngata, kwa ubishi, na sikufika mbali.

Ngata haipunguzi uzito hata gramu moja. Kwa kweli inauongeza. Inachofanya ni kuchukua uzito uliokuwa umesimama mahali padogo na kuutandaza mahali pakubwa. Wanafunzi wa fizikia mnalijua neno: kanieneo. Kani gawanya kwa eneo. Bibi hakuwahi kulisikia neno hilo, lakini alilibeba kichwani kila asubuhi.

Tuhesabu, maana mimi nilishawishika kwa hesabu. Hedifoni ya gramu 250, uzito wa kawaida kwa hizi za kufunika masikio, inakandamiza kwa kani ya Nyutoni 2.5. Tuseme uzito wote umekaa juu. Upinde unaopita juu ya kichwa ukiwa mgumu na mwembamba, utagusa utosi kwenye sehemu ya sentimita tatu kwa mbili tu. Hapo kanieneo inazidi kidogo kilopaskali 4. Wauguzi wanaohudumia wagonjwa wasioweza kujigeuza kitandani wamefundishwa kwa miaka mingi kuchunga kanieneo ya milimita 32 za zebaki, kwa sababu ukikandamiza ngozi zaidi ya hapo, damu huanza kukosa njia kwenye mishipa ile midogo kabisa. Milimita 32 za zebaki ni kilopaskali 4 na ushee. Mnaona? Hedifoni ya kawaida, isiyo nzito, imeshafika mpakani.

Sasa chini ya upinde uleule funga mkanda wa ngozi unaoning'inia, unaolala juu ya kichwa kwa urefu wa sentimita 12 na upana wa tatu. Uzito ni uleule. Kanieneo imeshuka hadi chini ya kilopaskali 1. Huo mkanda ni ngata, na wala hauhitaji sponji nene. Watu wengi wakisikia neno "starehe" wanakimbilia sponji, wanabandika mto mnene chini ya upinde mgumu. Sponji hilo linazama katikati, upinde unarudi kugusa palepale pa zamani, na saa ya nne inakukuta hujabadilisha kitu.

Uzito wenyewe nao una maana, sikatai. Mwaka 1979 Sony walipotoa Walkman, waliiuza pamoja na hedifoni ya gramu 50 hivi, wakati nyingi za zama zile zilikuwa gramu 300 hadi 400. Leo tumerudi juu kwa sababu ya betri na vifaa vya kuzima kelele: Sony WH-1000XM4 ina gramu 254, AirPods Max ya Apple inakaribia 385. Kila gramu unayoiongeza lazima uitafutie mahali pa kulala.

Kuna njia nyingine ya kuupunguzia utosi mzigo, nayo ni kubana pembeni. Vikombe vinavyofunika masikio vikibana vizuri, msuguano wa mito ya ukingoni mwake na ngozi unabeba sehemu ya uzito. Hapa ndipo fundi anapokuwa kati ya maji na moto. Ukilegeza, hedifoni inateleza mtu akiinama kunywa chai. Ukikaza, taya na mifupa ya nyuma ya sikio inalalamika. Hedifoni nyingi nilizozipima zinabana kati ya Nyutoni 3 na 6, na kipimo changu ni mbao mbili zilizotengana sentimita 15, upana wa kichwa cha mtu mzima, pamoja na mizani ya mkononi ya kupimia mabegi. Ikivuta gramu 400, hiyo ni Nyutoni 4. Kwangu mimi, ikizidi 5 sikubali kuivaa kazini.

Lakini namba hiyo inamhusu mtu asiye na miwani. Ofisini kwetu alikuwepo kaka mmoja mwenye miwani, mwandishi mzuri kuliko sisi sote, na jioni alikuwa na mifereji miwili myekundu juu ya masikio. Mguu wa miwani una upana wa milimita nne hivi, na urefu unaoangukia chini ya mto ni kama sentimita mbili. Hilo ni eneo dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Ukisema mguu huo unabeba nusu tu ya kani ya Nyutoni 4, kanieneo hapo inafika kilopaskali 25, karibu mara sita ya ule mpaka wa wauguzi. Alipoeleza, aliambiwa anunue miwani nyingine. Jambo lile liliniuma sana, kwa sababu mtu ameambiwa abadilishe macho yake ili yafae kifaa. Kilichomsaidia mwishowe ni mto laini wa sponji lile linalozama polepole, lililotokana na kazi ya watafiti wa NASA mwaka 1966. Tulichonga mfereji mdogo ndani ya sponji mguu wa miwani unapopita, tukafunika na ngozi ya mbuzi. Kazi ya kiwembe na sindano, fundi viatu wa Sabasaba alinisaidia kushona.

Faida ya pili ya mfereji ule sikuitarajia. Bila mfereji, mguu wa miwani huinua mto, hewa inapita, na besi, ile sauti nzito, inavuja. Mtu anaona sauti imepungua nguvu, anaongeza. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha usalama kwa mtu mzima. Mwandishi wa vikao anazimaliza saa hizo 40 kazini, kabla hajasikiliza hata wimbo mmoja wa zeze nyumbani. Kwa hiyo mto usioziba vizuri unaumiza mara mbili: juu ya ngozi, na ndani ya sikio.

Niseme kidogo juu ya sikio. Limejitokeza kama sentimita mbili kutoka kichwani, na kadiri mtu anavyozeeka linarefuka. Kikombe kisipokuwa na kina cha kutosha, ncha ya sikio inagusa kitambaa cha ndani, na kugusa kwenyewe tu, bila kubanwa, kunatosha kumkera mtu ifikapo saa ya pili. Na ukikumbuka kuwa sponji hulala kwa joto na kwa miaka, kina ulichokipima siku ya kwanza siyo utakachokuwa nacho mwakani. Bibi yangu alikuwa na ndewe zilizotogwa na kuvutwa, kama wazee wengi wa Kigogo. Nilimvalisha hedifoni siku moja asikilize sauti ya mjukuu wake, ikamkunja ndewe. Tundu la kikombe kile lilipimwa kwa sikio la mtu mwingine.

Joto sasa. Hapa Dodoma nina ugomvi na ngozi bandia. Inaziba sauti vizuri, nakiri, lakini haipitishi hewa, na mafuta ya nywele pamoja na jasho huila mpaka ikaanza kupukutika magamba meusi shingoni mwako. Mmewahi kuona mgongo wa punda anayebeba maji bila tandiko zuri? Kidonda kile hakiletwi na uzito peke yake. Ni uzito, na unyevu uliofungiwa, na kusuguliwa palepale. Ngozi ya binadamu nyuma ya sikio haina tofauti. Hewa yetu ni kavu, na huo ni utajiri: kwenye mto wa mahameli au wa pamba, jasho linakauka upesi, kitu ambacho ndugu zetu wa Dar es Salaam hawakipati. Gharama yake ni vumbi. Mto wa kitambaa ukikutana na upepo wetu wa Agosti unageuka mkeka wa mchanga. Kwa hiyo mimi hushona foronya ndogo ya kuvua na kufua, mbili kwa kila hedifoni, moja kichwani na moja kwenye kamba.

Kisha kuna kilichopo juu ya kichwa kabla hedifoni haijafika. Mimi navaa hijabu. Mwenzangu huyu ana mafundo ya nywele katikati ya utosi. Upinde mmoja unaopita katikati unakalia fundo, na hesabu yangu yote ya ngata inaharibika. Jibu lake ni la zamani. Wahudumu wa simu wa kwanza walibeba chombo chao begani, chenye uzito wa kilo kadhaa. Kuanzia mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, aliyekuwa akitengeneza hedifoni jikoni kwake, aliuza kwa Jeshi la Majini la Marekani hedifoni yenye waya mbili kichwani zilizofunikwa kwa ngozi. Waya mbili! Zitenganishe sentimita nne, na fundo la nywele linakaa katikati kwa raha. Nimetengeneza sita za namna hiyo na hazijarudishwa hata moja.

Kijana mmoja hapa aliniletea mchoro wa vikombe vya mpingo. Ni mchoro mzuri, na najua kwa nini: mpingo ni wetu, na zumari za dunia zinatengenezwa kwa mti huo. Lakini mpingo unazama majini. Vikombe viwili vya ukubwa ule vitafika gramu 140 kabla hujaweka spika. Chonga kwa mninga, utakuwa na nusu yake, na mpingo uweke kama kishikizo kidogo tu panapoonekana.

Saa yangu inaonyesha dakika 40. Ninyi wanane, zivueni sasa. Msijikune kwanza. Kila mmoja aweke kidole mahali panapouma, au panapowasha, au palipolowa. Dada yangu pale ameshika juu ya sikio la kushoto peke yake. Pengine upinde wako umepinda upande mmoja, tutaunyoosha. Kaka mwenye miwani, nilijua utashika hapo. Mzee, wewe huna mahali? Basi yako nataka niione zaidi ya zote. Njooni hapa mbele na vidole hivyohivyo, msivitoe. Mbao ziko mezani, mizani ile pale, na chaki ninayo.