Boda, Wingu na Kamera ya Ndege

AKINYI: Hebu anza na ile hesabu ya kupima kimo cha mawingu kutoka kwa ndege uliniambia kwa simu jana, maana mimi sikushika kitu.

BARASA: Si unajua ukiwa kwa matatu unaenda Ahero, miti ya kando ya barabara inapita mbio alafu vilima vya Nandi kule kushoto vinakaa ni kama haviendi popote? Sasa kamera ya ndege ikipiga picha mbili za wingu huko chini, sekunde kadhaa katikati, ni hivyo hivyo, wingu likihama sana kwenye picha liko karibu na ndege, likihama kidogo liko mbali chini. Wanaita paralaksi.

AKINYI: Hapo tuko pamoja. Shida iko wapi?

BARASA: Shida ni boda. Boda akiwa kando yenu naye pia anaelekea Ahero, kwa dirisha lako harudi nyuma haraka, ukimpima kama mti utasema ako huko milimani na jamaa ukinyoosha mkono unamgusa.

AKINYI: Ai! Kumbe wingu ndio boda, na upepo ndio unaliendesha.

BARASA: Eeh. Chukua ndege inaenda mita 200 kwa sekunde, picha zimeachana sekunde 10, hapo imesonga kilomita 2. Wingu liko mita 5,000 chini yake na upepo unalisukuma mita 10 kwa sekunde, kuelekea kule kule ndege inaenda. Hesabu itakuambia liko mita 5,263 chini. Umelishusha mita 263 na lenyewe halijatoka kimo chake.

AKINYI: Na upepo ukitoka mbele?

BARASA: Unalipandisha, mita 238 hivi. Wa kutoka kando hausumbui sana maana wingu linahama kiubavuubavu kwenye picha, unajua tu huo ni upepo. Mbaya ni huu wa kufuata njia ya ndege, huo na kimo vinafanana kabisa.

AKINYI: Si basi ndege igeuke irudi na njia ile ile? Mara moja lishuke, mara ya pili lipande, ugawanye kwa mbili.

BARASA: Ukigawanya unabaki na kosa la mita 12 tu. Lakini haya mawingu yetu ya mvua ya jioni, ukimaliza kugeuza ndege kichwa cha wingu kishapanda. Ungetumia upepo uliopimwa na puto la hali ya hewa kurekebisha hilo kosa, sasa lazima uchukue upepo wa kimo cha wingu, na kimo ndicho unatafuta! Basi unakisia, unapiga hesabu, unarekebisha, unarudia hadi namba itulie. Leza ya kupima umbali ndio haina hii stori, mwanga unaenda na kurudi kabla wingu lisonge.

AKINYI: Na kivuli? Picha moja, wingu na kivuli chake kwa ziwa, unajua jua liko wapi, umbali wa kivuli unakupa kimo, upepo hauingii.

BARASA: Hiyo ni poa, ila hapa ikweta inapita pale Maseno, Machi na Septemba kwenye saa sita na nusu jua liko utosini, kivuli kinajificha chini ya wingu lenyewe. Ungoje jua lishuke kidogo.

AKINYI: Na likishuka, mvua ishafika.