Umebonyeza Ghairi na bado kinafutika? Turekebishe confirm ya JavaScript

Haya karibuni, leo tunashughulika na kile kiboksi cha JavaScript kinachouliza "una uhakika?" na vitufe vyake viwili, Sawa na Ghairi, au OK na Cancel kama brauza yako iko kwa Kiingereza. Nilimtengenezea jamaa mmoja wa duka mfumo wa stoo, siku moja ananipigia, kabonyeza Ghairi na mchele wote umetoka kwenye orodha. Iliniuma sana, mtu kakataa kabisa halafu mashine inafanya ileile.

Cheki hapa kwenye skrini, hivi ndivyo nilivyokuwa nimeandika:

`<form method="post" action="/futa" onsubmit="confirm('Ufute bidhaa hii?')">`

Confirm inarudisha true mtu akikubali, na false akighairi au akibonyeza Esc. Hapa false imerudi vizuri tu ila hakuna aliyeipokea, fomu ikajiendea zake. Weka return kabla ya confirm, sevu, bonyeza Ghairi... unaona, haijaenda.

Sasa kama unasikiliza tukio kwa addEventListener ndani ya JavaScript, ukiweka return false haisaidii kitu, hapo lazima preventDefault, ndiyo inayoizuia fomu isitumwe (fomu hapa ni ile form yako):

```
fomu.addEventListener('submit', function (e) {
  if (!confirm('Ufute bidhaa hii?')) {
    e.preventDefault();
  }
});
```

Angalia ile alama ya mshangao kabla ya confirm, ukiisahau mambo yanageuka, anayekubali anazuiwa na anayekataa anafutiwa. Na sikiliza submit ya fomu, maana hata mtu akipiga Enter kwenye kisanduku cha kuandikia anapitia hapohapo. Akighairi usimletee alert ya "umeghairi", anajua, mwache aendelee na kazi yake.

Prompt, kile kiboksi cha kuandika jibu, nayo ni tofauti kidogo: akighairi unapata null, yaani hakuna jibu kabisa, akikubali bila kuandika kitu unapata maandishi matupu, so ulizia null yenyewe, `jibu === null`.

Sasa hapa ndo nataka utulie. Umeandika confirm('Unataka kughairi oda?') na chini vitufe ni Ghairi na Sawa. Mteja anayetaka kughairi oda atabonyeza kipi? Atabonyeza Ghairi, utapata false, oda inabaki na mzigo unamfikia mlangoni. Maneno ya vile vitufe ni ya brauza, huwezi kuyabadilisha. Andika "Tuifute oda hii?", au bora zaidi tumia elementi ya dialog, tangu 2022 brauza zote kubwa zinaikubali. Ndani yake weka form yenye method="dialog" na vitufe viwili, "Hapana, iache" value yake acha, na "Ndiyo, ifute" value yake futa. Kuifungua, boksi ikiwa ndiyo hiyo dialog:

```
boksi.returnValue = '';
boksi.showModal();
```

Kisha kwenye tukio la close, ukikuta returnValue, yaani value ya kitufe kilichobonyezwa, ni 'futa' ndo unafuta, kingine chochote unaacha.

Ule mstari wa kwanza usiuruke jamani. Kama ukurasa haujipakii upya, mtu akifuta oda ya kwanza halafu kwenye ya pili akabonyeza Esc, returnValue bado imeshikilia 'futa' ya mwanzo na oda ya pili inaondoka pia. Kwa hiyo ukijaribu kwako jaribu hivyohivyo: futa moja, fungua tena, bonyeza Esc, kisha hesabu oda zilizobaki.