Picha ya Mama na Riba ya Mkopo

Akina mama, dada zangu, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mitaji inayochangishwa mtandaoni. Nitaizungumzia Kiva peke yake, tovuti ambako watu wa kawaida huwakopesha wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Matt Flannery na Jessica Jackley, walikusanya mikopo ya kwanza kwa wafanyabiashara wadogo saba wa Tororo, Uganda. Picha ya mkopaji na maelezo ya biashara yake huwekwa kwenye intaneti. Mtu aliye Chicago anatoa dola 25, na marejesho yakikamilika anarudishiwa zile zile, bila faida. Wakopaji wengi ni wanawake.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Aliyetoa dola hapati riba, lakini mara nyingi mama analipa riba. Katikati ipo taasisi ya mikopo midogo, yenye maofisa wa kuwalipa mishahara na pikipiki za kutia mafuta. Siiti wizi, maana kumfuata mkopaji wa laki tano hadi kijijini ni gharama kweli. Ila mama ana haki ya kujua. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alionesha pia kwamba mikopo mingi ilikuwa imeshatolewa kabla picha haijapanda mtandaoni. Kiva ikarekebisha maelezo yake kwa wakopeshaji. Sawa. Na mwenye picha, nani alimweleza?

Tupige hesabu. Umekopa 500,000 kwa miezi kumi, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ikitozwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, unalipa riba 100,000. Ikitozwa kwenye salio, huku ukipunguza 50,000 kila mwezi, unalipa 55,000. Asilimia ni ile ile! Nimeona akina mama makini, wanaojua faida ya kila fungu la mchicha, wakisaini bila kuuliza hili, kwa sababu afisa alikuwa na haraka na fomu ilikuwa ya Kiingereza. Jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo kabla hujapigwa picha, muulize afisa: riba ni ya mkopo wote au ya salio? Ada ya fomu na bima ni kiasi gani? Kisha mwambie akusomee, kwa Kiswahili, yote yatakayoandikwa chini ya picha yako. Akikataa, usisaini.

Karibuni maswali.