Presha ya Kukaa na Presha ya Kusimama

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Mada ni kuzimia kwa watu wanaomeza dawa za presha, nami nitaanzia kwenye kiti. Kliniki unapimwa umekaa na unaandikiwa dawa umekaa. Lakini kuanguka mara nyingi hakutokei kitini. Mtu huanguka akitoka kitandani kwenda chooni usiku wa manane, akinyanyuka alipoinamia beseni la kufulia, au akiwa amesimama muda mrefu juani.

Ukisimama, damu kama mililita 500 hadi 800 hushuka miguuni na tumboni. Mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani huhisi upungufu huo na kuuarifu ubongo, moyo ukaongeza kasi, mishipa ikabana, damu ikapanda tena kichwani. Yote hayo ni sekunde chache. Dawa za presha huingilia hapo hapo. Furosemidi na hidroklorothiazidi hukojoza, kwa hiyo damu ya kusukuma inapungua. Amlodipini na nifedipini hulegeza mishipa. Atenololi huuzuia moyo usikimbie. Prazosini huzuia mishipa isibane wakati inapotakiwa kubana, na tamsulosini, ambayo akina baba hupewa kwa ajili ya tezi dume, ni ya ukoo huo huo. Dawa moja moja wengi huivumilia. Balaa huja zinapokutana tatu, na aliyekuandikia ya tezi dume hajui kwamba unameza za presha. Chukua vidonge vyote ulivyonavyo nyumbani, pamoja na vya mitishamba, uvimwage mezani kwa daktari.

Prazosini ina tabia yake. Kidonge cha kwanza kabisa kinaweza kumwangusha mtu ndani ya dakika 30 hadi 90. Ndiyo maana huanzwa kwa miligramu 0.5 au 1, usiku, mtu akiwa ameshakojoa na yuko kitandani. Ukiiacha siku kadhaa kisha ukarudia dozi yako ya zamani, mwili huipokea kama ya kwanza. Usirudie bila kuuliza.

Sasa kipimo, maana hili ndilo nililokuja kulisema: ombeni mpimwe mkiwa mmesimama. Lala dakika 5, upimwe. Simama, upimwe baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3. Mkono wenye mkanda ushikiliwe usawa wa moyo. Ukining'inia, mashine itasoma juu kuliko ukweli. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umeshapata jibu. Mfano: 142 kwa 84 umelala, 118 kwa 72 umesimama. Kwa aliyekupima umekaa tu, huyo ni mtu wa kuongezewa dawa. Akiongezewa, ataanguka.

Na hapa niseme kuhusu hii “presha ya kushuka” ya mitaani. Watu wakisikia hivyo hukoroga chumvi kwenye maji wakamnywesha mgonjwa. Chumvi ile itapandisha presha ileile anayotibiwa, na mtu aliyezimia ukimtia maji mdomoni anaweza kupaliwa. Mlaze chali hapo hapo alipoangukia, inua miguu yake kama futi moja, legeza nguo shingoni. Msimwinue kumkalisha kwenye kiti. Mnamnyima damu ya kichwa kwa mara ya pili. Wengi huzinduka chini ya dakika moja. Akitapika, mgeuze ubavu. Asipozinduka haraka, au alizimia amelala au akifanya kazi nzito, au ana maumivu ya kifua, mdomo umekwenda upande, mkono hauna nguvu, choo ni cheusi kama lami, au amegonga kichwa, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye kisukari apimwe sukari pia, kwa sababu atenololi huficha mapigo ya haraka na kutetemeka kwa sukari iliyoshuka. Jasho ndilo hubaki kumwonya.

Makosa yanayoleta watu wodini yanajulikana. Umesahau kidonge jana, leo unameza viwili. Amlodipini hukaa mwilini siku kadhaa na huchukua kama wiki moja kufikia nguvu yake, kwa hiyo ile ya jana bado inafanya kazi. Au unaharisha na kutapika huku unaendelea na dawa ya kukojoza pamoja na losartani au enalaprili: presha inaanguka na figo zinaumia. Siku hiyo hiyo piga simu au nenda kituoni uulize kipi kisimamishwe kwanza. Au kidonge cha nguvu za kiume juu ya dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, hilo linaua. Na wapo wanaokata tamaa wakatupa dawa zote siku moja. Atenololi ikikatwa ghafla, moyo hukimbia na presha hupanda kwa kishindo. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo.

Kuamka kuna utaratibu wake: kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, chezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame huku umeshika kitu. Wanaume, usiku kojoeni mmekaa. Macho yakianza kuingia giza, kaa chini papo hapo hata kama ni barabarani; kama huwezi, pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio, kunja ngumi.

Mzee wa mbele ameuliza kuhusu Ramadhani. Mtu ameshinda bila maji, anafuturu kwa wingi, anameza dawa zote kwa mpigo, kisha anasimama kwenye tarawehe. Damu imekwenda tumboni kusaga chakula, dawa zinapanda, na kila akitoka kwenye sijda anainuka haraka. Onana na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi akupangie nini kiwe futari na nini kiwe daku. Kula kidogo kwanza, kunywa maji pole pole hadi usiku kama hujakatazwa maji kwa sababu ya moyo au figo, chakula kizito kiache baada ya sala, na usione haya kuswali umekaa.