Historia ya Mzee Haianzi na Mwaka wa Kuzaliwa

Ndugu maafisa ustawi wa jamii, walezi wa makazi ya wazee, na ninyi vijana wa kujitolea: wakubwa wangu shikamooni. Jambo hili la kumuuliza mzee historia yake nimelisema sana na leo nalirudia, maana majalada hayajabadilika. Fungua jalada la mkazi yeyote: jina, umri miaka 80, kabila, dini, ugonjwa. Mstari wa ndugu wa karibu umejazwa neno moja, "hana". Huo umri kautoa wapi karani? Kamtazama mzee usoni akaandika. Na huyo asiye na ndugu, nani alimuuliza ipasavyo?

Tunauliza vibaya. Kijana anafika na fomu, anaanza: "Babu, ulizaliwa mwaka gani? Una watoto wangapi?" La kwanza mzee halijui, la pili linamuuma. Anajibu kwa mkato na mlango umefungwa.

Anzeni na kazi. Kazi aliifanya kwa mikono yake, ataieleza hata kama ameanza kusahau ya jana. Mkiwa Tanga au Morogoro, anzeni na mkonge. Chukua mzee aliyekuja kama manamba, yaani kibarua aliyeletwa kutoka mbali kufanya kazi shambani. Muulize alikuwa mkataji, au alikaa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, au alianika singa, yaani nyuzi zake. Mkataji atakuonyesha namna ya kukata: unashika jani, unalikata karibu na shina, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga mzigo wa majani thelathini. Mwache aonyeshe kwa mkono, na wewe tazama makovu ya mikononi na miguuni. Wa korona atakueleza maji ya mkonge yanavyowasha ngozi. Muulize kuhusu kipande, ile kadi ya kazi: kilijaa kwa siku ngapi, na mnyapara alikataa kukitia alama kwa kosa gani. Hapo mzee anasema nusu saa bila kusukumwa.

Sasa miaka. Muulize alifikaje Tanga kutoka kwao. Tuseme katoka Kigoma. Reli ya Kati ilikuwa haijaungana na reli ya Tanga mpaka njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilipofunguliwa mwaka 1963. Basi akisema alishuka treni Morogoro akapakiwa lori mpaka Korogwe, yaelekea alikuja kabla ya hapo. Akisema alikaa kwenye behewa mpaka Korogwe, ni baada ya hapo. Fuatisha na fedha: mshahara wa kwanza ulikuwa na picha ya nani? Mfalme, Malkia, au Mwalimu? Noti zenye picha ya Mwalimu zilianza 1966. Kisha kodi ya kichwa: alikuwa ameanza kuilipa kwao kabla ya kuondoka? Aliyepanda lori kabla ya 1963 na tayari analipa kodi, hakuzaliwa baada ya 1946 au karibu na hapo, maana kodi ilidaiwa kwa kijana mkubwa, si mtoto. Mmepata umri wenye sababu, na sababu hizo ziandikwe jaladani kando ya umri, ili atakayekuja baadaye asifute.

Nawasikia: wazee wanaongeza miaka ili wapate pensheni. Zanzibar pensheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa waliofika miaka 70, na huku bara sera inamhesabu mzee kuanzia 60, kwa hiyo umri una thamani, sikatai. Ndiyo maana nasisitiza reli, noti na kodi. Mtu anaweza kujiongezea miaka kumi kwa neno moja, lakini hawezi kuyapanga yote matatu yakalingana asipokuwa aliyapitia. Na wengi mnaowashuku wana miaka mingi kuliko ile iliyoandikwa.

Wengine mtasema hamna muda, afisa mmoja na wazee wengi. Dakika ishirini, mzee mmoja, mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya uji. Si baada ya chakula cha mchana, anasinzia. Kaa upande wa sikio linalosikia. Mtoe kwenye bweni. Mbele ya wenzake atasema yale anayotaka wenzake wasikie. Simu ya kurekodi iwe wazi mezani na kwa ruhusa yake, na daftari liwe na kurasa mbili: kushoto maneno yake kama alivyoyasema, kulia yale ya kuthibitisha. Mkichanganya, baada ya mwezi hamtajua lipi lake na lipi lenu.

Ndugu sasa. Kijiji anachokitaja huenda hakipo, kwa sababu Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu akiwa yuko kambini kwenye mkonge. Kwa hiyo jina la kijiji halitoshi. Pateni mto, mlima, parokia au msikiti, soko la karibu, jina la chifu wa wakati ule. Na muulizeni hivi: "Kwenu walikuitaje kabla hujafika kambini?" Jina la kambini huenda si la kwao; mkitafuta kwa jina la kwenye kipande, mtarudi mikono mitupu na kuandika tena "hana".

Muda unanibana. Akina bibi wa Usukumani waliokimbia tuhuma za uchawi: andikeni alikotoka na aliyemleta, tuhuma yenyewe isikae kwenye jalada analolifungua kila mtu. Chakula asichokula na sababu yake, andikeni. Anayeamka saa kumi usiku akazunguka ua, angalieni kazi yake ya zamani kabla ya kumwita mgonjwa. Mlinzi au mpiga kengele ya kambi ana saa zake. Mazishi: muulizeni angali mzima anataka kuzikwa wapi na kwa dini gani, siku ya msiba ni kuchelewa. Nakala moja ibaki kwa mzee mwenyewe, maana afisa akihamishwa daftari huondoka naye.

Nilikuwa na la kusema kuhusu picha za zamani, litasubiri. Toeni madaftari, kaeni wawili wawili, tuanze na maswali ya reli.