Toa ikiwa bado inatetemeka: vipande vya oti na chokoleti

MDOGO: Mwangaluka, Mwanza. Na ninyi wa Bukoba, Musoma, Geita, Ukerewe, popote ziwa linapofika, karibuni tena jikoni kwetu Kirumba. Shikamoo dada.

DADA: Marahaba mdogo wangu. Wasikilizaji mtanisamehe, leo nitakatisha maneno ya watu. Trei imeshaingia kwenye oveni na macho yangu yako kwenye saa.

MDOGO: Imekaa dakika ngapi?

DADA: Sita. Nikifika 20 natoa, iwe imeiva machoni au haijaiva.

MDOGO: Na hapo ndipo penye maswali yote tuliyotumiwa wiki hii. Watu wanatengeneza vipande vya oti na chokoleti, siku ya kwanza vizuri, siku ya pili vinakuwa vikavu, vinagonga meno. Wanataka vile vya kutafunika. Unauma, kinakubali, kinavutika kidogo ndipo kinakatika.

DADA: Nawaelewa sana. Mimi niliwahi kupeleka vipande 40 kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Niliviacha kwenye oveni mpaka vikawa na rangi nzuri ya dhahabu, nikaridhika kabisa. Jioni naokota sahani chini ya turubai, kila sahani ina kipande kimeumwa mara moja kikaachwa. Niliumia, kwa sababu niliweka siagi halisi na asali ya Tabora, vitu vya gharama. Hakuna kilichokosekana ila dakika 6 ambazo ningevitoa mapema.

MDOGO: Eleza kwa nini. Maana mtu anaona katikati kunatetemeka, anaogopa kulisha watu kitu kibichi.

DADA: Katikati kunatetemeka kwa sababu siagi na asali bado ni maji ya moto. Trei ikitoka, ule moto uliomo ndani hauishi pale pale, unaendelea kupika. Halafu ikipoa, siagi inaganda, asali inakuwa nzito, na oti zinaendelea kunywa ule unyevu. Oti ina utando wake fulani, ule unaofanya uji wa oti uwe na utelezi. Utando huo ndio unashika maji. Sasa wewe ukisubiri mpaka iwe imara ikiwa bado motoni, ujue maji yameshaondoka. Hayo maji ndiyo yangekufanya utafune.

MDOGO: Kwa hiyo dalili ni nini? Mtu asiye na saa aangalie nini?

DADA: Pembeni. Ukingo unaanza kuachana na trei, unaona kauwazi kembamba kama uzi, na una rangi ya kahawa ya maziwa kwa upana wa kidole kimoja. Katikati bado panang'aa kidogo. Ukigusa kwa kidole, panabonyea na alama inabaki. Toa hapo hapo.

MDOGO: Tuwape vipimo sasa, maana wengine wameshashika kalamu. Trei ya sentimita 20 kwa 20. Oti vikombe 2, kama gramu 190. Unga wa ngano gramu 60, ndiyo nusu kikombe. Siagi gramu 115. Sukari gramu 100, asali vijiko 3 vya chakula, yai 1, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila. Chokoleti gramu 150. Moto nyuzi 175.

DADA: Na hakuna beking pauda. Narudia kwa sababu naona watu wanaiweka kwa mazoea. Beking pauda inainua, inatia hewa, unapata keki. Sisi tunataka kitu kilichoshikana.

MDOGO: Oti gani? Madukani hapa mjini zipo za aina mbili.

DADA: Chukua zile bapa nzima, ambazo ukizimwaga kiganjani unaona kila punje na umbo lake. Zile za uji wa haraka zimekatwakatwa, zinalainika mara moja, unapata kitu kama ugali mtamu. Oti hailimwi kwetu huku, ni nafaka ya nchi za baridi, inakuja imesafiri. Kwa hiyo nusa pakiti ukiifungua. Oti ina mafuta mengi kuliko mchele, ikikaa sana inachacha na kuwa na uchungu, na uchungu huo chokoleti haiufichi.

MDOGO: Mimi napenda pale unapozikaanga kwanza.

DADA: Hapo ndipo ladha ilipo. Siagi kwenye sufuria, moto mdogo, mimina oti kavu, geuza kwa mwiko dakika 3 au 4. Mwanzoni zinanuka kama karatasi. Halafu ghafla harufu inageuka, inakuwa kama karanga zinazokaangwa kwenye mchanga. Ukisikia harufu hiyo, epua. Usisubiri rangi.

MDOGO: Sasa asali. Kuna aliyesema asali ni ghali, anaweka sukari peke yake.

DADA: Ataendelea kupata vigumu. Hebu nikukumbushe kitu cha nyumbani. Mama akipika shira ya kaimati alikuwa anafanya nini mwishoni?

MDOGO: Anakamulia ndimu.

DADA: Kwa nini?

MDOGO: Shira isirudi kuwa sukari. Isifanye chembe.

DADA: Basi ni jambo lile lile. Sukari ya mezani ikikosa maji inajipanga, inarudi chembe, ndiyo unasikia inakwaruza mdomoni. Ndimu inaivunja ile sukari ikawa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, na hizo zikiwemo humo, ile kubwa inashindwa kujipanga. Asali imekuja na hizo mbili tayari, nyuki wameshamaliza kazi. Na fruktosi inapenda maji, inayavuta na kuyashikilia. Vijiko 3 tu vinatosha kubadilisha trei nzima. Ila asali inawahi kuungua, kwa hiyo moto usizidi 175.

MDOGO: Na sukari yenyewe? Hii yetu ya Kagera ina rangi, watu wanadhani ndiyo ile sukari ya kahawia inayosemwa kwenye mapishi ya Ulaya.

DADA: Hapana. Hii ina rangi kidogo lakini ni kavu, inamwagika kama mchanga. Ile ya mapishi ya Ulaya ina unyevu, ukiifinya inashikana. Ukipata sukari guru, ikwangue kwa kisu, weka nusu ya sukari guru na nusu ya sukari ya kawaida. Mimi sasa sirudi nyuma, sukari guru na chokoleti vinapatana kuliko chochote.

MDOGO: Dakika ya ngapi?

DADA: Kumi na mbili. Bado.

MDOGO: Nataka niseme na wasio na oveni, kwa sababu nilikuwa huko. Nilipopanga chumba Igoma nilikuwa na jiko la mkaa na masufuria mawili. Nilichota mchanga ziwani, nikauosha mara 3, nikauanika juu ya mwamba siku nzima mpaka ukawa mweupe. Mchanga ukae chini ya sufuria kubwa, unene wa vidole viwili. Funika, pasha dakika 10. Weka kibati kilichogeuzwa chini juu, trei yako ikae juu yake, funika, halafu palia makaa juu ya mfuniko.

DADA: Sema ya juu yawe mengi.

MDOGO: Ya juu yawe mengi kuliko ya chini, karibu mara mbili. Chini acha makaa machache yaliyoanza kufanya majivu. Nilikosea hapo mara ya kwanza, asali ikaungua chini ikawa nyeusi, na juu unga mbichi. Na usifunue funue. Funua mara moja dakika ya 15, uone ukingo, ufunike. Siku ya pili nilivipata. Hakuna oveni iliyonipa furaha kama ile.

DADA: Na ule moshi kidogo kwenye chokoleti ni mtamu, nilivila, nakumbuka.

MDOGO: Kuna swali la karameli pia. Mtu wa Bwiru anasema anafuata maelezo ya mtandaoni, apike sukari mpaka nyuzi 115, na kwake inakuwa ngumu kila mara.

DADA: Hilo linanigusa, kwa sababu mtu anajilaumu bure. Sisi tuko juu. Uso wa ziwa lenyewe uko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Dar yanachemka kwenye nyuzi 100, ya kwetu yanachemka kama 96. Kwa hiyo shira yako inafikia uzito ule ule nyuzi 4 kabla. Wao wakisema 115, wewe simama 111. Au fanya kama wapika kashata: dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likifanya kidonge laini kinachobonyezeka, tosha.

MDOGO: Tuje kwenye chokoleti. Hapa mimi na dada hatujawahi kukubaliana.

DADA: Sema lako.

MDOGO: Mimi nasema ikatwe vipande, ichanganywe ndani. Ukiuma unakutana nayo.

DADA: Na mimi nasema nusu ndani, nusu juu. Ile ya ndani inanyonywa na oti, ladha inaenea. Ile ya juu inafunika, unyevu hautoki. Hapa ziwani mchana tunafika nyuzi 28 hivi, na mafuta ya kakao yanayeyuka karibu na 34, kwa hiyo kivulini inashika vizuri. Mtu akiishika mkononi ndipo inalainika, na hapo anailamba vidole, anafurahi.

MDOGO: Kwa biashara je? Mtu anayepeleka Soko Kuu kwenye ndoo, jua linawaka?

DADA: Huyo atatumia ile chokoleti yenye mafuta ya mboga badala ya mafuta ya kakao, inavumilia jua. Soma nyuma ya pakiti, wameandika. Simlaumu, mzigo ukiyeyuka ni hasara yake. Ila kwa watoto wangu nanunua yenye mafuta ya kakao. Kakao tunayo, Kyela wanailima kwa wingi, na nafurahi kila ninapokuta pakiti dukani imeandikwa Tanzania.

MDOGO: Wasimulie ya mvuke.

DADA: Mwezi uliopita. Nimeweka bakuli la chokoleti juu ya sufuria ya maji yanayochemka, nageuza, inang'aa kama kioo. Nikainua bakuli, tone moja la maji likateleza kutoka chini ya bakuli likaingia. Moja tu. Nikageuza mara mbili, chokoleti yote ikakaza, ikawa kama udongo wa kufinyangia, inaachana na bakuli kwa mabonge. Gramu 150.

MDOGO: Nilikuwepo. Alinyamaza kabisa.

DADA: Chokoleti ni kavu. Ndani yake kuna unga wa kakao na sukari vimeelea kwenye mafuta. Maji kidogo yakiingia, sukari inalowa, inanata, inashikana na ule unga, basi. Na watu wanatupa. Msitupe. Ongeza maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja, huku unakoroga kwa nguvu. Maji machache yanaikaza, yakiwa mengi yanailegeza. Niliweka kama vijiko 5, ikarudi laini. Haigandi tena ikawa ngumu, lakini juu ya vipande ilikaa kama krimu, na nadhani vilikuwa vitamu kuliko kawaida.

MDOGO: Vilikuwa vitamu. Na vanila?

DADA: Ile ya Bukoba, ganda lenyewe. Shangazi yetu akivuka na meli huwa ananiletea maganda mawili matatu kwenye karatasi. Unapasua kwa kisu, unakwangua zile mbegu nyeusi, kidogo kama vumbi, unazitia kwenye siagi ikiwa ya moto. Ganda lenyewe lifukie kwenye kopo la sukari. Samahani, dakika 19. Naenda.

MDOGO: Mnasikia mlango wa oveni. Oo. Harufu imefika huku.

DADA: Njoo uone. Ona ukingo ulivyoachana hapa. Na katikati, nitikise trei… unaona?

MDOGO: Panatetemeka kama maziwa ya mgando.

DADA: Inatoka hivyo hivyo. Nanyunyiza chokoleti ya juu sasa hivi, joto lake litaiyeyusha, nasubiri dakika 3, napaka kwa mgongo wa kijiko. Chumvi kidogo juu. Baada ya hapo ikae kwenye trei, isitolewe, isikatwe, mpaka chini ya trei pawe pa baridi kabisa. Saa moja na nusu, wakati mwingine mbili.

MDOGO: Na friji?

DADA: Friji inafanya chokoleti itoe weupe kama chaki, na kipande kinakuwa kigumu mpaka kipumzike nje. Funga kwenye kopo lenye mfuniko, siku 4 hata 5 vinakaa. Kopo liweke juu ya sahani yenye maji, sisimizi wa huku hawana huruma.

MDOGO: Nimeshika kisu, dada.

DADA: Weka mkono hapa chini ya trei.

MDOGO: Moto.

DADA: Basi bandika chai kwanza.